Namna ya Kuandika Pishi Lililo Lako: Mwongozo Kamili kwa Waandishi wa Mapishi Mtandaoni

Niliwahi kuandika pishi la mkate mdogo wa gramu 250 za unga wa ngano, na katika orodha ya mahitaji nikaandika chumvi kijiko kikubwa kimoja mahali nilipokusudia kijiko kimoja cha chai. Tofauti yake si ndogo. Kijiko cha chai hubeba gramu 5 hadi 6 za chumvi, yaani takriban asilimia 2 ya unga, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha mkate. Kijiko kikubwa hubeba gramu 17 hivi, kiasi kinachoilemea hamira na kuufanya mkate usilike. Msomaji mmoja alinizindua siku ya nne, nikasahihisha. Miezi kadhaa baadaye nililikuta pishi hilo kwa mwandishi mwingine, limepewa jina jipya, maneno mawili matatu yamebadilishwa, na kile kijiko kikubwa cha chumvi kingali mahali pake.

Kunakiliwa kuliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kufikiri juu ya watu waliopoteza unga na muda wao kwa kuyaamini maelekezo ya mkate ambao aliyeyatoa hakuwahi kuuoka. Tangu hapo nimeacha kuliona suala la wizi wa mapishi kuwa ugomvi wa waandishi peke yao. Anayedhulumiwa kwanza ni yule aliyesimama jikoni na simu mkononi, akidhani kwamba aliyemwandikia anakijua anachokisema. Kwa hiyo kipimo ninachokitumia katika mwongozo huu wote ni kimoja: pishi ni lako pale unapoweza kulijibia kila mstari wake, na pale ambapo huwezi, umtaje anayeweza.

Hatua ya kwanza: tenganisha kilicho cha wote na kilicho cha mtu

Waandishi wengi huanza kwa kuuliza kama pishi lina hakimiliki, na jibu huwashangaza. Karibu kote duniani sheria hulinda namna wazo lilivyoelezwa, hazilindi wazo lenyewe. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, yaani mkataba wa kimataifa wa haki miliki katika biashara, katika ibara ya 9, unasema wazi kwamba ulinzi wa hakimiliki hauhusu mawazo, taratibu wala mbinu za utendaji. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976, kifungu cha 102(b), ina msimamo huo huo, na mwaka 1996 mahakama moja ya rufaa ya nchi hiyo iliamua, katika shauri kati ya kampuni za Publications International na Meredith, kwamba orodha ya mahitaji pamoja na maelekezo makavu ya kupika havilindwi, ingawa iliacha mlango wazi kwa mapishi yaliyoandikwa kwa maelezo ya kibunifu. Ladha nayo haina mwenyewe kisheria: tarehe 13 Novemba 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataa kuilinda ladha ya jibini la kupaka, kwa hoja kwamba ladha haiwezi kubainishwa kwa usahihi unaotosha, kwa kuwa hutegemea umri wa mlaji, mazoea yake na mazingira anamokila chakula hicho.

Chukua keki ya uzito sawa, ile inayotumia unga, siagi, sukari na mayai kwa uzito unaolingana. Uwiano huo umo katika vitabu vya mapishi tangu karne ya 18, na hakuna mtu anayeweza kusimama leo akadai kwamba ni wake. Kilicho cha mtu ni maneno aliyoyachagua kuueleza, kisa alichokitanguliza, picha alizopiga, mpangilio wa mkusanyiko wake, na ile michoro au majedwali aliyoyatengeneza mwenyewe. Hivyo ndivyo vinavyolindwa, hata kama mwenyewe hakuweka alama yoyote ya hakimiliki kwenye ukurasa wake.

Hata hivyo, mwandishi anayejiridhisha kwa kutovunja sheria peke yake hajafika popote. Yaliyobaki nje ya sheria ni mengi: mtu aliyetumia majuma matatu kutafuta kiasi sahihi cha maji katika unga mgumu hana mahakama ya kwenda kuidai namba ile, lakini anastahili kutajwa. Hatua zinazofuata zinahusu zaidi deni hilo la uungwana.

Hatua ya pili: soma vyanzo vingi, kisha uwe na daftari

Hatari kubwa ya kunakili hutokana na kusoma chanzo kimoja. Ukiwa na ukurasa mmoja mbele yako, utafuata mpangilio wake, vipimo vyake na hata tamathali zake bila kukusudia. Soma mapishi matano au sita ya chakula kile kile, na uyapange katika jedwali: safu moja kwa kila chanzo, mstari mmoja kwa kila hitaji, vipimo vyote vikiwa vimegeuzwa kuwa gramu. Kugeuza huku kuna maana yake, kwa sababu kikombe kimoja cha unga kinaweza kuwa na gramu 120 kikijazwa kwa kijiko taratibu, au 150 kikichotwa moja kwa moja kutoka mfukoni, na ukilinganisha vikombe kwa vikombe utadhani waandishi wawili wanakubaliana ilhali wametofautiana sana.

Jedwali hilo litakuonyesha jambo ambalo ukurasa mmoja hauwezi kukuonyesha. Mistari ambayo vyanzo vyote vinakubaliana ni mali ya wote, ndiyo mifupa ya chakula chenyewe. Mistari ambayo chanzo kimoja kimejitenga, kwa mfano anayeongeza kijiko cha siki katika unga au anayelaza mchanganyiko usiku kucha, ndiyo michango ya mtu. Ukiuchukua mchango wa namna hiyo, umeshapata deni, na uandike papo hapo kwenye daftari umeuchukua kwa nani. Usiitegemee kumbukumbu yako. Baada ya mwezi mmoja utaamini kwa dhati kwamba wazo lile lilikujia wewe.

Katika daftari hilo hilo weka tarehe ya kila jaribio, uzito wa kila kitu, muda, moto, na kilichotokea hata kama ni kibaya. Mimi hutumia daftari la karatasi kwa sababu haliniruhusu nifute nilichokosea. Siku utakapotuhumiwa, au utakapohitaji kuthibitisha kwamba kazi ni yako, kurasa zenye madoa ya mafuta na vipimo vilivyokatwa mara tatu zitasema mengi kuliko maelezo yoyote utakayoyatunga baadaye.

Hatua ya tatu: pika, na ubadilishe kwa sababu

Kuna kauli inayozunguka sana miongoni mwa waandishi wa mapishi kwamba ukibadilisha vitu vitatu, pishi limekuwa lako. Kauli hiyo haina msingi wowote katika sheria, na katika uungwana ina madhara, maana humfundisha mtu kuhesabu mabadiliko badala ya kuyapima. Anayeweka mdalasini mahali pa vanila, sukari ya rangi mahali pa sukari nyeupe, na korosho mahali pa lozi, amebadilisha vitu vitatu na pishi limebaki lile lile: uwiano, mbinu na muda ni wa mwenzake.

Kinyume chake, badiliko moja tu laweza kuzaa kazi mpya. Tuseme umelichukua pishi la keki ya oveni na unataka lipikike katika sufuria yenye mfuniko juu ya jiko. Moto sasa unatoka chini tu, mvuke hauna pa kutokea, sehemu ya chini inakauka kabla ya ile ya juu kuiva, na uso wa keki haupati rangi. Itakubidi upunguze majimaji, utafute kitu cha kuiinua keki isiguse tako la sufuria, ufunike mfuniko kwa kitambaa kinyonye matone ya mvuke, na uugundue muda upya kabisa. Mwisho wa kazi hiyo una mambo kumi ya kumwambia msomaji ambayo chanzo chako hakikuyajua. Hapo una haki ya kusema kwamba pishi hili ni lako, na bado utamtaja uliyeanzia kwake.

Pika mara tatu kwa uchache. Mara ya kwanza fuata rasimu yako kama ilivyo; mara ya pili badilisha jambo moja tu, ili ujue matokeo yametokana na nini; mara ya tatu mpe mtu mwingine karatasi, ukae kando bila kumsaidia, na uandike kila mahali anapouliza swali. Jaribio hili la tatu ndilo linaloachwa na wengi, nami naliona kuwa ndilo la thamani zaidi, kwa sababu maswali ya mpishi mgeni hukulazimisha kueleza mambo ambayo mikono yako inayajua na kalamu yako haijayasema.

Hatua ya nne: andika kurasa zikiwa zimefungwa

Unapofika wakati wa kuandika namna ya kutayarisha, funga kila ukurasa wa mtu mwingine, ubaki na daftari lako. Iwapo huwezi kuieleza hatua fulani bila kufungua chanzo, dawa yake ni kurudi jikoni, kwa kuwa hiyo ni ishara kwamba hatua hiyo hujaielewa.

Tuangalie mfano kwa karibu. Tuseme chanzo kimeandika: «Piga siagi na sukari mpaka mchanganyiko uwe mweupe na mwepesi kama wingu la asubuhi.» Mnakili ataandika: «Changanya sukari na siagi hadi viwe vyeupe na vyepesi kama wingu la alfajiri.» Maneno yamehamishwa, sentensi ni ya yule yule. Kupiga siagi na sukari ni mbinu ya kila mwokaji, lakini wingu lile lina mwenyewe. Aliyepika akiwa na daftari angeandika labda hivi: «Nilipiga kwa mwiko kwa dakika nane. Katika dakika ya tano rangi ilikuwa bado ya njano, na nilipoubana mchanganyiko kati ya vidole viwili nilizisikia chembe za sukari zikikwaruza. Kufikia ya nane rangi ilikuwa imefifia na chembe zilikuwa zimebaki chache sana.» Hapa msomaji amepata kipimo cha macho, cha vidole na cha saa, na hakuna mtu duniani anayeweza kudai kwamba maneno hayo yametoka kwake.

Angalizo hili linahusu pia maelezo ya utangulizi. Kisa cha bibi aliyekufundisha kupika ni cha bibi yako, na mtu akikichukua amechukua kumbukumbu ya familia. Mwaka 2021 mchapishaji mmoja wa Uingereza alikiondoa sokoni kitabu cha mapishi baada ya mwandishi mwingine kulalamika kwamba mapishi na kumbukumbu za nyumbani kwao zilikuwa zimechukuliwa humo.

Hatua ya tano: taja chanzo kwa kipimo cha deni

Kutaja chanzo kuna daraja zake, na kila daraja lina maneno yake. Ukiwa umelifuata pishi la mtu bila kubadilisha vipimo, andika «Pishi la fulani», na maelekezo yawe kwa maneno yako. Ukiwa umebadilisha kitu cha maana lakini mifupa ni yake, andika «Limerekebishwa kutoka kwa fulani», kisha useme ulichobadilisha na kwa nini. Ukiwa umepata wazo tu, labda mchanganyiko wa ladha uliouona mahali, andika «Wazo nimelipata kwa fulani». Ukiwa umejenga kutoka kwenye ule uwiano wa wote, huhitaji kumtaja mtu, ingawa msomaji hufaidika ukimweleza ulivyofika hapo.

Weka maneno hayo juu, karibu na orodha ya mahitaji, na uweke kiungo kinachofunguka. Jina lililofichwa mwisho wa ukurasa kwa herufi ndogo ni sawa na kutotaja. Taja mtu, si jukwaa: kusema kwamba pishi umelitoa «mtandaoni» ni kama kusema kwamba maji umeyatoa kwenye ndoo.

Wako wanaodhani kwamba jina la mwenyewe likishawekwa, wanaweza kubandika maandishi yake yote. Sivyo. Kutaja chanzo hakuchukui nafasi ya ruhusa, na anayetaka kutumia maandishi au picha za mtu kama zilivyo ni lazima aombe na ajibiwe kwanza.

Malalamiko haya si mapya. Mwandishi wa mapishi wa Uingereza Eliza Acton, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1845, alilazimika katika dibaji ya toleo la mwaka 1855 kulalamika hadharani kwamba sehemu kubwa za kazi yake zilikuwa zikichukuliwa bila kutajwa, na akayawekea baadhi ya mapishi alama ya kuonyesha kwamba ni ya mwandishi mwenyewe. Alama hiyo naipenda, na ningependa turudi kuitumia.

Kuhusu mapishi ya familia, uliza kabla ya kuandika, na uulize pia yule aliyekufundisha alijifunza kwa nani. Mara nyingi pishi linalodhaniwa kuwa siri ya ukoo lilitoka nyuma ya pakiti ya unga miaka mingi iliyopita. Hilo haliliondolei thamani, ila liandikwe.

Hatua ya sita: kuwa mwangalifu na tafsiri, video na akili bandia

Kwetu sisi tunaoandika kwa Kiswahili, mtego mkubwa ni tafsiri. Mtu husoma ukurasa wa lugha nyingine, akautafsiri sentensi kwa sentensi, na kwa kuwa amefanya kazi ya kweli ya kutafuta maneno, akaamini kwamba ameandika. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa unaolinda kazi za waandishi na wasanii, uliotiwa saini mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa, unampa mwandishi, katika ibara ya 8, haki ya kutafsiri kazi yake au kuruhusu itafsiriwe. Vipimo na mbinu unaweza kuvichukua, ukapika, ukaandika upya kwa yale uliyoyaona. Maelezo, visa na tamathali za mwenyewe huwezi kuvihamisha bila ruhusa yake. Ukipewa ruhusa, andika «Tafsiri ya pishi la fulani, kwa idhini yake».

Video nazo ni vivyo hivyo. Anayeandika kila neno lililosemwa katika video na kulichapisha kama maandishi yake amenakili, hata kama mwenye video hakuandika chochote.

Programu za akili bandia zina tatizo la aina mbili. Zinaweza kukutolea vipimo vinavyoonekana vya busara ambavyo hakuna ulimi uliowahi kuvionja, na zinaweza kukurudishia maneno yanayofanana mno na ya mtu aliyeandika kabla. Kwa msimamo wangu, hakuna pishi la namna hiyo linalopaswa kuchapishwa kabla ya kupita majaribio matatu niliyoyataja, na msomaji aambiwe rasimu ilitoka wapi.

Hatua ya saba: picha

Picha ina hakimiliki yake peke yake, mbali na pishi. Piga zako, hata kwa simu, na uhifadhi mafaili ya awali bila kuyapunguza ukubwa, kwa sababu ndani yake mna tarehe na aina ya kamera. Picha ya keki ya mtu mwingine juu ya pishi lako ni udanganyifu kwa msomaji, mbali na kuwa wizi, maana anaahidiwa matokeo ambayo hukuyapata.

Hatua ya nane: ukinakiliwa

Kabla ya kulalamika, jiridhishe. Watu wawili wanaopika kitu kimoja kwa uwiano wa wote watafanana, na kufanana huko si hoja. Tafuta alama ambazo bahati haiwezi kuzileta: kosa la uchapaji lililorithiwa, kipimo kisicho cha kawaida, mpangilio wa hatua ulioubuni, tamathali yako. Kile kijiko cha chumvi kilikuwa ushahidi wangu bora kuliko sentensi zote nzuri nilizoziandika.

Piga picha za skrini zinazoonyesha anwani na tarehe, na uhifadhi nakala ya ukurasa katika hazina ya Internet Archive, kwa sababu kurasa hubadilishwa mara tu mwenyewe anapoambiwa. Kisha mwandikie faraghani, kwa adabu, ukieleza unachotaka: «Ndugu, maelekezo na picha ya pili katika pishi lako ni maandishi na picha yangu ya tarehe fulani, kama inavyoonekana kwenye kiungo hiki. Naomba uviondoe, au uandike maelekezo kwa maneno yako na unitaje.» Mpe siku saba. Wengi huondoa, na baadhi yao kwa kweli hawakujua.

Asipojibu, tumia utaratibu wa jukwaa lenyewe. Majukwaa yaliyo chini ya sheria ya Marekani hufuata sheria ya mwaka 1998 ya hakimiliki ya kidijitali iitwayo DMCA, inayohitaji utaje kazi yako, mahali ilipo nakala, anwani yako, tamko kwamba unaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayo hayakuruhusiwa, tamko kwamba maelezo yako ni sahihi, na saini. Lalamikia maandishi na picha peke yake. Ukidai orodha ya mahitaji, dai lote litadhoofika, na anayetoa tamko la uongo kwa makusudi anaweza kuwajibishwa. Usiwaite wafuasi wako wakamshambulie mtu. Nimeona umati ukimwandama mwandishi ambaye baadaye ilidhihirika kwamba alitangulia kuchapisha.

Hatua ya tisa: ukigundua kwamba uliyekosea ni wewe

Itatokea. Utapitia kazi za zamani, za kabla hujaanza kuweka daftari, ukute sentensi ambayo moyo wako unaijua kuwa si yako. Usifute ukurasa kimyakimya, kwa sababu kuna watu wanaoupikia. Rudi jikoni, pika pishi hilo upya, andika maelekezo mapya, na juu ya ukurasa weka maneno yanayoonekana pamoja na tarehe: «Toleo la kwanza la pishi hili lilitumia maelezo ya fulani bila kumtaja. Nimeyaandika upya, vipimo vya msingi ni vyake, na hiki ndicho kiungo cha kazi yake.» Kisha mwandikie mwenyewe barua fupi ukimweleza ulichofanya, kabla hajakisikia kwa mtu mwingine, na uyaache maneno hayo juu ya ukurasa hata kama atakuambia kwamba hana neno.